Vyungu Vitatu

Wengi mwajua ya kuwa nyumbani kwangu hapa Kibiti tunakula watu saba kwa posho ya katekista. Leo nawaandikia habari ya kosa nililolifanya mwenyewe katika chakula.

Mama yangu mzazi alitoka Delta akaja kukaa nasi baada ya mafuriko ya Aprili 2024, maji ya mto Rufiji yalipofunika mashamba ya mpunga. Huko kwao alizoea wali asubuhi na jioni, maana mtu wa Delta asipopata wali husema hajala, ajapokuwa ameshiba muhogo. Mwezi wa pili akashikwa na kiu isiyokwisha, na usiku akawa anaamka mara nne, mara tano. Tukampeleka zahanati, akapimwa damu, tukaambiwa ana kisukari. Akapewa vidonge na maonyo mengi juu ya chakula, ambayo nusu yake sikuishika.

Basi nikaanza kwa bidii ya mjinga. Nikaamuru vyungu vitatu: cha mama, cha mtoto wetu mdogo aliyekuwa amekonda, na cha sisi wengine. Nikamnunulia mama nafaka ya kopo iliyotoka ng'ambo, ambayo kwa bei yake tungalipata mchele kilo mbili. Mke wangu akaniambia, "Baba, mkaa wa juma zima umekwisha siku ya nne." Nikamjibu kwamba afya haina bei. Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu asiyekwenda sokoni.

Mama akawa anatengewa majani yaliyochemshwa na kipande cha muhogo, juu ya mkeka wake peke yake, na sisi tumezunguka sinia ya wali na mkizi wa nazi. Kumbe alikuwa akila matonge mawili tu, yaliyosalia akiwapa kuku. Sisi hatukuwa na habari.

Asubuhi moja, baada ya kumeza vidonge, akaanza kutetemeka na kutoka jasho, na maneno yake hayakushikamana. Jirani yetu, mama wa Kiislamu ambaye mumewe ana ugonjwa huo huo, akaja mbio, akaona ya kuwa bado aweza kumeza, akamnywesha maji ya sukari. Baada ya muda kidogo mama akatufahamu tena. Huko zahanati mganga akamwuliza, "Mama, jana ulikula nini?" Akanyamaza sana, kisha akanigeukia mimi: "Mwanangu, tangu siku ile mliponitenga, chakula hakinishuki."

Mganga akatueleza kwamba vidonge vya namna ile hushusha sukari hata kama mtu hakula, akampunguzia. Tena akasema hakumkataza wali, aliagiza upimwe. Nami Jumapili iliyotangulia nalikuwa nimesimama kanisani kufundisha jinsi Paulo alivyowakemea Wakorintho kwa kula kila mtu chakula chake mwenyewe! Mke wangu hakunikumbusha. Hakuwa na haja.

Siku hizi twapika chungu kimoja, naye mke wangu ndiye mwenye amri. Mahindi twasaga bila kukoboa, hivyo hatulipi fedha ya kukoboa wala pumba haziachwi mashineni. Kunde na mbaazi hupikwa zaidi kuliko zamani, pamoja na kisamvu, mlenda na matembele. Samaki ni perege, au dagaa fedha ikipungua. Kambamiti wa Delta tunawaona tu wakipita kwenda Dar es Salaam. Nazi ni moja badala ya mbili. Mama hupimiwa wali kikombe kimoja cha chai, na mboga nusu ya sahani. Mtoto huongezewa karanga katika uji, na yai likipatikana. Fedha ya yai hutoka katika mkaa uliosalia. Chai twanywa sote bila sukari, na aliyenung'unika zaidi ni mimi. Maembe ya Novemba ndiyo vita vyetu, maana mama aliyewekewa kipande kimoja huwatuma wajukuu kumletea cha pili.

Mwezi huu amepimwa tena. Sukari imeshuka, ingawa haijafika pale mganga atakapo. Amerudi penye sinia, upande wangu wa kuume, na kichwa cha samaki hunipokonya kabla sijamaliza kuomba baraka.