Tiketi Yasema Saa Saba, Safari ni Saa Kumi na Tano

Msomaji, huenda nyumbani kwenu kuna nyanya anayetayarishiwa safari ya Marekani kumwona kitukuu. Jamaa wamekusanyika sebuleni, na kijana msomi wa familia anasoma tiketi: kuondoka Nairobi saa tano na nusu usiku, kutua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Ni saa saba tu, nyanya. Utasinzia, uamke umefika."

Mwambie apige hesabu upya. Tiketi huandika saa za kila mji kivyake. Majira ya baridi, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba, Wamarekani wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele, huwa nyuma kwa saba. Zijumlishe zile nane na saba za tiketi, utapata kumi na tano. Huo ndio muda ambao mama huyo atakaa kitini.

Ramani nayo ina hila zake. Weka rula kwenye ramani ya ukutani na mstari utapita Nigeria na Mauritania. Lakini dunia ni mviringo. Enyi wanafunzi, chukueni tufe la darasani na uzi, muukaze kutoka Nairobi hadi New York. Mtaona unapanda kaskazini, ukakata Sudan, Chad, jangwa la Algeria na Morocco ndipo uingie Atlantiki. Hiyo ndiyo njia fupi kabisa, nayo ni karibu kilomita 11,840: ni kama kwenda Mombasa kwa barabara mara 25 hivi.

Hadi Oktoba 28, 2018, Kenya Airways ilipoanza safari hiyo moja kwa moja, abiria walilazimika kubadilisha ndege njiani, mathalan London, Amsterdam au Dubai. Ndege iliyotumiwa ni Boeing 787, na shirika lilitangaza kuwa ingebeba marubani wanne, ili wapokezane usukani. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta huhitaji mbio ndefu kabla ya kupaa. Isitoshe, kule juu ya Atlantiki upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Kwenda ni kushindana nao, kurudi, unakusukuma. Ndiyo maana ratiba ya kurudi hupungua kwa takriban saa moja.

Sasa turudi kwa nyanya, kwani hapo ndipo hesabu inapouma. Tuseme ana ugonjwa wa sukari na hudungwa sindano saa mbili usiku na saa mbili asubuhi. Akidungwa Nairobi kabla ya kwenda uwanjani, kisha angoje saa mbili asubuhi ya New York, zitakuwa zimepita saa ishirini badala ya kumi na mbili! Mpelekeni kwa daktari mapema, mkiwa na tiketi, awapangie. Na dawa hizo zikae kwenye mkoba wa mkononi, wala si katika sanduku linalopakiwa chini.

Kukaa muda huo wote bila kutembea kunaweza pia kugandisha damu miguuni, hasa kwa wazee. Mwombeeni kiti cha kando ya njia, aweze kuinuka bila kuwasumbua majirani. Anywe maji. Wazee wetu wengi hukataa maji kwa kuogopa choo cha ndege. Mweleze kabla hajatoka kuwa ni choo kama kingine, ila kina kelele.

Na nyinyi mnaobaki, msianze kupigiana simu kwa hofu kukipambazuka. Huenda wakati huo ndege ingali juu ya Sahara. Itakapotua, kwenu itakuwa saa nane na nusu mchana, na bado atapanga foleni ya uhamiaji.