Kwa nini bado nanunua santuri

Wenzangu kazini huniuliza kila mara: wewe mwandishi wa programu, simu yako imebeba nyimbo maelfu, santuri ni za nini tena? Wanatarajia niseme sauti. Wapi! Santuri iliyochezwa baa miaka kumi inakwaruza, tusidanganyane.

Hoja yangu ni data. Chukua santuri yoyote ndogo ya benga kutoka River Road ya miaka ya 70. Kwenye ile karatasi ya mviringo katikati unasoma jina la wimbo, mtunzi, bendi, lebo na namba ya toleo. Sasa pakua wimbo huohuo bure mtandaoni. Mara nyingi utapata faili liitwalo Track02, msanii hajulikani.

Uvivu upo, lakini hata ufundi ulichangia. ID3 ya 1996 iliongeza baiti 128 tu mwishoni mwa faili la MP3: herufi 30 za wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, kisha mwaka, maoni na aina ya muziki. Mtunzi hakupewa nafasi! Toleo la pili, la 1998, lilimpa, lakini nani huijaza? Na mtunzi akishafariki, wanawe watadai mrabaha kwa ushahidi gani?

Halafu kuna suala la pande mbili. Santuri ya mizunguko 45 hubeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo bendi zetu zilikata wimbo vipande viwili. Mara nyingi upande wa kwanza ni maneno, wa pili ndipo magitaa yanapamba moto. Mwenye haraka hugeuza upande mmoja tu kuwa MP3. Wimbo unafifia pale hasa unapoanza kunoga.

Katikati ya jiji, Melodica ya Tom Mboya Street, iliyoanza 1971, ilikuwa duka na lebo pia. Mimi hupendelea kwenda Kenyatta Market, huko upande wa Ngong Road, ambako James Rugami alianza kuuza santuri 1989, kati ya wasusi na wachoma nyama.

Kupakua sijaacha. Santuri zangu nazigeuza MP3, nazisikiliza kwenye matatu nikirudi Kawangware. Ila pande mbili naziunga kuwa faili moja, na mtunzi namjaza mwenyewe.

Na wewe uliyeachiwa santuri na mzee, lebo ikiwa imebanduka usiitupe. Mulika tochi karibu na katikati: namba huwa imechorwa kwenye plastiki yenyewe.