Chumvi ya Singidani

Sisi watu wa pwani tumezoea kuiona chumvi kuwa mtoto wa bahari. Lakini mjini Singida, bara kabisa, liko ziwa Singidani lenye maji ya chumvi. Halina mto wa kuyatoa maji yake. Jua huyapandisha hewani kuwa mvuke, chumvi ikabaki. Mwalimu wa sayansi huliita hilo badiliko la kiumbo: hali hugeuka, asili haigeuki. Kuni zikishakuwa jivu hazirudi kuwa kuni. Hilo ni badiliko la kikemikali.

Mshairi asemapo mapenzi yameyeyuka, sikio hudhani yamekwisha. Ziwa lakanusha: kilichoyeyuka kingalimo, ulimi wakionja, nacho changoja jua. Kisichorudi ni kilichoungua. Mwenye kutunga, na mwenye kufasiri, na achague kitenzi chake kwa hadhari.