Chupa ya chozi: utaitundika wapi?

Wiki hii tuache kidogo habari za programu na hifadhidata. Nataka kuzungumzia chupa ya maji ya sukari, maana mwezi huu imenisumbua akili kuliko kazi ya mteja yeyote.

Mama alivunjika nyonga mwezi wa Januari. Tangu atoke hospitalini, siku yake yote huishia kwenye kiti kimoja karibu na dirisha la sebule, hapa Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Ndege anaowapenda ni chozi, nao hupenda maua mekundu ya mhuti ulio mwisho wa shamba, mbali na macho yake. Nikasema basi, kama yeye hawezi kwenda mhutini, chozi waletwe dirishani.

Ukitafuta mtandaoni utapata maelezo mengi, lakini karibu yote yanahusu wale ndege wadogo wa bara la Amerika wanaonyonya maua huku wakielea hewani. Hao hawapo Afrika. Chozi wetu ni ukoo mwingine kabisa, na ingawa wanaweza kuelea kidogo, hupenda kutua wanapokunywa. Kwa hiyo sharti la kwanza: chupa iwe na kijiti cha kukanyagia.

Masharti mengine ni haya:

1. Kioo. Dirisha huakisi anga na miti, ndege akadhani ni njia. Daniel Klem, mtafiti wa Marekani aliyeanza kuchunguza vifo vya namna hii miaka ya 1970, alionyesha kwamba ndege wanapolishwa ndani ya mita 1 kutoka kwenye kioo hatari hupungua sana, kwa sababu anayeruka kutoka hapo bado hajashika kasi. Mita chache mbele ndipo pabaya. Nguzo ya veranda yetu iko mita 4 kutoka dirishani, na ndipo kila mgeni aliponiambia niitundike!

2. Paka. Isiwe juu ya ukuta, pipa wala tawi nene.

3. Jua. Maji ya sukari huchacha upesi yakipata joto. Dirisha letu linatazama mashariki, kwa hiyo mchana kutwa baada ya saa sita kuna kivuli.

4. Sisimizi. Kikopo cha maji juu ya chupa, kwenye ile ile kamba, huwazuia.

5. Kiti cha Mama. Hiki hakisogei.

Nilikaa kwenye kiti hicho na futi ya kupimia kabla ya kugusa nyundo. Jibu likawa ndoano kwenye ukingo wa paa, nusu mita kutoka kwenye kioo, juu ya mahali ambapo paka hafiki. Mchanganyiko: sukari nyeupe kikombe 1, maji vikombe 4, bila asali wala rangi. Chupa huoshwa kila baada ya siku mbili.

Chozi dume mwenye mkia mrefu, yule anayeonekana mweusi mpaka jua limpige ang'ae kama shaba, alikuja siku ya tisa. Kufikia siku ya kumi na moja alikuwa anawafukuza wengine wote. Hilo nalo lina hesabu yake. Mwaka 1975 Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti wao kuhusu chozi wa Kenya wenye mabawa ya dhahabu: eneo ambalo ndege mmoja hulinda linaweza kuwa dogo au kubwa, lakini idadi ya maua ndani yake hukaribia 1,600, kiasi cha kumtosha kwa siku. Analinda chakula, hana haja na ukubwa wa ardhi. Chupa isiyokauka ni shamba zima la maua kwenye kamba moja. Basi nikaweka ya pili upande wa jikoni, asikoweza kuiona, na majike wakapata nafasi.

Mama ana daftari sasa. Anaandika saa, dume au jike. Mimi nilipewa jina la babake, kwa hiyo huniita baba. Juzi asubuhi nilikuwa kwenye simu na mteja aliposimama, mkono mmoja kwenye mkongojo na mwingine kwenye fremu ya dirisha, akaniita:

"Baba, mtu wako amekosa chai."

Nikamwambia mteja asubiri.