Tumaini Katikati ya Machozi

Akina mama wenzangu, siku hizi katika misiba yetu mingi nyimbo za shangwe ndizo zinazotangulia. Kwaya inafika, kinanda kinawashwa, watu wanapiga makofi, na mfiwa akilia kwa sauti anaambiwa anyamaze kwa sababu Mkristo ana tumaini. Sipingi nyimbo za furaha. Nimeimba alto katika kwaya ya akina mama kwa miaka mingi, nazo ninazipenda. Lakini napenda tufikiri pamoja: wimbo unafanya kazi gani moyoni mwa mtu? Je, mama aliyefiwa anaweza kulishwa kwa wimbo wa namna moja tu?

Jambo hili linanihusu. Binti yetu wa mwisho alifariki kwa malaria akiwa na umri wa miaka minne. Siku ya tatu baada ya mazishi, mama mmoja wa kanisani alinishika mkono akaniambia, "Mama, imba kwa nguvu, usimpe Shetani nafasi kwa machozi yako." Mama huyo alinipenda kweli, ndiye aliyewapikia wanangu uji wiki nzima. Nilijaribu kuimba, lakini maneno yale ya ushindi yalinipita kama habari za mtu mwingine. Nikaanza kuogopa kwamba imani yangu imezikwa pamoja na mtoto.

Aliyenisaidia ni shangazi yangu. Alikuja jioni moja, akaketi nami mkekani, akafungua kitabu cha Maombolezo, akasoma sura zote tano bila kuongeza neno lake hata moja. Nililia sana jioni ile, na usiku nikapata usingizi. Baadaye nilitaka kujua: inakuwaje kitabu cha huzuni namna hii kimpe nguvu mtu mwenye huzuni? Nikaanza kukisoma kwa makini, na haya ndiyo niliyojifunza.

Maombolezo ni mashairi matano kuhusu kuangamizwa kwa Yerusalemu na Wababeli mwaka 586 K.K. Yaliandikwa kwa Kiebrania, lugha yenye herufi 22. Sura ya 1, ya 2 na ya 4 zina mistari 22 kila moja, na kila mstari unaanza na herufi yake, kwa mpangilio, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Sura ya 3 ina mistari 66, yaani mitatu kwa kila herufi. Katika Biblia yetu ya Kiswahili herufi hizo hazionekani, lakini fungua uhesabu mistari, utaona mwenyewe.

Kwa nini mtu anayelia ajisumbue kupanga herufi? Mimi naona ni kwa sababu huzuni kubwa haina mwanzo wala mwisho. Mfiwa anazunguka palepale, asubuhi na jioni. Mshairi ameitengenezea huzuni hiyo njia ya kupita. Haruki hatua hata moja: anataja njaa, watoto waliokufa, aibu, hata hasira aliyo nayo mbele za Mungu. Kisha anafika mwisho wa herufi na kupumzika kabla ya kuanza tena. Sura ya 5 nayo ina mistari 22, ila haifuati tena mpangilio wa herufi, kana kwamba mwombolezaji amechoka hata kupanga.

Tena, angalia mahali tumaini lilipowekwa. Maneno mazuri kuhusu fadhili za Bwana, ambayo wengi wetu tumeyakariri, yako katika sura ya 3, katikati ya kitabu. Sisi tungeyaweka mwishoni, tukasema yamekwisha, tufute machozi. Lakini baada ya maneno hayo kilio kinarudi katika sura ya 4 na ya 5, na mstari wa mwisho wa kitabu umebeba swali zito ambalo halikupewa jibu. Hapo ndipo nilipofunguliwa. Mtu anaweza kukiri leo kwamba Mungu ni mwaminifu, na kesho akalia tena, na bado hajamwacha Mungu. Kulia baada ya kuamini hakufuti kuamini.

Muziki nao unasema kwa njia yake. Msikilize mtu mwenye huzuni: anazungumza polepole, sauti yake iko chini, na mara nyingi inashuka mwishoni mwa maneno. Wimbo wa taratibu unafuata mwendo huo, kwa hiyo mfiwa anausikia kama mtu anayetembea kando yake. Wimbo wa kasi, hata ukiwa na maneno ya kweli, unaweza kumwacha nyuma, maana mwili wake haujaweza kukimbia.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1873 Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, Marekani, alikuwa na mabinti wanne. Mwezi Novemba mkewe Anna alisafiri nao kwenda Ulaya katika meli iitwayo Ville du Havre. Meli hiyo iligongana na nyingine baharini, ikazama. Anna aliokolewa, mabinti wote wanne wakafa maji. Baada ya msiba huo Spafford aliandika shairi kuhusu amani ya rohoni, na Philip Bliss akalitungia tuni iliyotolewa mwaka 1876. Tuni hiyo ilipewa jina la meli ileile. Wimbo huo umetafsiriwa kwa Kiswahili na wengi wetu tunaujua.

Baba huyu hakutaja jina la binti yake hata mmoja. Alitaja mawimbi tu. Kwa sababu hiyo mjane anaingia katika wimbo huo na mawimbi yake, na mama aliyepoteza mimba anaingia na ya kwake. Halafu sikilizeni kiitikio. Soprano na alto wanatangulia kwa maneno machache, teno na besi wanayarudia, kama watu wanaopokezana mzigo. Mara nyingi nimeuimba wimbo huo nikashindwa katikati, koo limekaza. Wimbo haukusimama. Wengine waliendelea kukiri amani ambayo mimi sikuweza kuitamka kwa wakati ule, nami nikaungana nao nilipoweza.

Wengine watasema Maandiko yanakataza huzuni. Lakini Paulo alipowaandikia Wathesalonike hakuwakataza kulia. Aliwaonya wasihuzunike kama watu wasio na tumaini. Bwana Yesu mwenyewe alilia kabla ya kufika penye kaburi la Lazaro, akijua kwamba baada ya muda mfupi angemfufua. Na Zaburi ya 88 inaanza katika taabu na kuishia gizani, lakini watu wa Mungu hawakuiondoa katika kitabu chao cha nyimbo.

Basi, akina mama, tufanye nini? Tukienda msibani, tusiwe wepesi wa kuchagua wimbo kwa niaba ya mfiwa. Tumwulize taratibu, "Mama, tukuimbie upi?" Asipojibu, tuanze na wa polepole. Akilia, tusimnyamazishe, tushushe sauti tuendelee kuimba. Tukimsomea Maombolezo, tusiishie kwenye mistari mizuri ya sura ya 3, bali tusome mpaka mwisho, ili ajue kwamba kitabu kitakatifu kinamfahamu hata siku ya arobaini, wageni watakapokuwa wamerudi makwao. Nyimbo za shangwe zitakuja kwa wakati wake, na zitakapokuja ataziimba kwa moyo wake wote.

Tena tuwafundishe watoto wetu. Daudi alipomlilia Sauli na Yonathani, aliagiza maombolezo yake yafundishwe kwa watu wa Yuda. Na katika Yeremia sura ya 9 wanawake wanaambiwa wawafundishe binti zao kuomboleza. Hatuna budi kuwafundisha binti zetu kupika na kutunza nyumba. Lakini ipo siku atakaa mkekani karibu na jirani aliyefiwa, na chakula hakitatosha. Tumpe mapema nyimbo za siku hiyo.