Kufika Mwadingusha, na kurudi

Katika mkutano wa mwezi uliopita wengi wenu mliniuliza namna ya kufika Mwadingusha, kwa sababu kikundi chetu kinafikiri kununua samaki kulekule ziwani badala ya kungoja wachuuzi hapa Likasi. Mwaka huu nimekwenda mara tatu, kila mara kwa njia nyingine. Mara ya tatu sikwenda kwa ajili ya samaki. Nilikwenda kumchukua mdogo wangu, aliyekuwa na mimba ya miezi nane, kabla mvua hazijaharibu barabara. Nitawaeleza yote kwa pamoja, maana barabara ya samaki na ya mama mjamzito ni ileile.

Kwanza mahali penyewe. Mwadingusha iko upande wa kaskazini-mashariki wa Likasi, katika teritware ya Kambove, na ni zaidi ya kilometa 60 kutoka hapa. Usizidanganye hizo kilometa 60 na zile za lami. Kwenda Lubumbashi ni karibu kilometa 120, na unaweza kwenda na kurudi siku moja ukapika bukari ya jioni nyumbani. Kwenda Mwadingusha, nusu ya umbali huo, unafunga mzigo kama mtu anayelala.

Pale mto Lufira ulikuwa unaanguka kutoka juu. Wabelgiji waliyaita maporomoko hayo Cornet. Union Minière ilijenga bwawa hapo juu yake na kiwanda cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1930. Maji yaliyozuiwa yalitandaa katika tambarare, na hilo ndilo ziwa tunaloliita Tshangalele. Kwa hiyo ziwa hili si la tangu zamani za mababu. Wazee waliozaliwa kabla yake walilima pale ambapo leo watu wanatega nyavu. Kina chake si kirefu. Likishiba mvua linapanuka sana, na kiangazi linarudi nyuma na kuacha tope. Ninawaambia hivi kwa sababu pwani uliyonunulia samaki mwezi wa nne siyo utakayoikuta mwezi wa kumi. Uliza upya kila safari.

Mara ya kwanza nilikwenda kwa gari. Mwalimu mwenzangu alikuwa na gari dogo, lile la chini, nasi tulikuwa wanne, katikati ya kiangazi, mwezi wa saba. Tulijiona wajanja. Lami ilipoisha tukaanza kula vumbi, na vumbi si neno, dirisha linafungwa. Neno ni makorongo ambayo kamio zinachimba wakati wa mvua, yanayokauka na kuwa magumu kama mawe. Gari la chini linakaa na tumbo juu ya kilima cha katikati, magurudumu yanazunguka hewani. Tulishuka mara tatu kusukuma, nami nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani. Kama mna gari refu la magurudumu manne yanayovuta, nendeni kiangazi bila woga, mkibeba gurudumu la akiba, jembe, maji ya kunywa na mafuta ya kutosha kwenda na kurudi. Kama gari ni dogo, liacheni nyumbani. Mume wa mtu atakuambia lake linapita. Mwache apite yeye kwanza.

Mara ya pili nilipanda kamio, na ndivyo wengi wanavyosafiri. Kamio inakwenda na unga, sabuni, bia na nguo, inarudi na samaki, makala na mahindi. Haina saa. Inatoka ikijaa. Kijana wa mizigo anakwambia, "Mama, panda, tunaenda sasa hivi," saa kumi na mbili asubuhi, na saa tano ungali umekaa juu ya mfuko wa unga, unatazama mlango wa soko. Usikasirike. Jambo la kufanya ni kwenda jana yake, kumtafuta shofere mwenyewe, siyo kijana, na kumuuliza mambo matatu: mzigo umekwisha kupakiwa kiasi gani, analala njiani au hapana, na nafasi ya mbele karibu naye ni ya nani. Patana bei kabla hujapanda, ya mwili wako na ya mzigo mbalimbali. Kitenge kimoja cha kufunika kichwa, kimoja cha kukalia. Chakula kisichomwagika. Na kama unanyonyesha, keti upande wa nyuma ya kabini, ambapo upepo haumpigi mtoto.

Pikipiki zinafika haraka kuliko vyote. Kijana wa pikipiki anapita pembeni mwa korongo ambamo kamio imelala siku mbili. Lakini mgongo utakuambia usiku. Kwa mtu mmoja mwenye afya na mfuko mdogo, sawa. Kwa watoto wawili na beseni, hapana.

Wanaotoka Lubumbashi wana njia nyingine ya kufikiri, ya kupitia Kapolowe. Kapolowe-Gare iko kwenye reli, na Kapolowe-Mission iko karibu na maji, na wavuvi wanavuka ziwa kwa mitumbwi. Sijaipita mwenyewe. Mchana upepo unaamka, na ziwa lisilo na kina linafanya mawimbi mafupi yanayoingia ndani ya mtumbwi. Mtu akiniambia anapita huko na mtoto, nitamwomba aondoke alfajiri.

Hapa nitatoka njiani kidogo. Ninafundisha jografia, na mwaka huu mwanafunzi mmoja alileta darasani picha ya kijiji cha Hallstatt, huko Austria, katika milima ya Alpes. Nacho kiko kando ya ziwa, nacho ni kijiji cha wachimbaji: watu wamechimba chumvi pale kwa zaidi ya miaka 3,000. Wakaaji hawafiki 1,000. Nikawaeleza kwamba steshoni ya treni iko ng'ambo, upande mwingine wa ziwa, na kwamba treni ikifika mashua iko pale inangoja abiria ili iwavushe. Darasa zima likacheka. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mashua ndiyo inangoja treni, ao treni inangoja mashua?" Kwao kungoja ni kazi ya mtu tu. Nikakosa jibu zuri, nami nikacheka.

Nirudi kwa mdogo wangu. Mume wake anavua. Walikaa kule miaka minne, na mtoto wa kwanza alizaliwa kulekule bila shida. Lakini mimba hii ilimvimbisha miguu na uso, na kichwa kilikuwa kinamuuma kila siku. Muuguzi wa pale alimpima, akamwambia asingoje uchungu, ashuke Likasi mapema. Shemeji alinipigia simu mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Mvua mbili zilikuwa zimekwisha kunyesha.

Nilikwenda kwa pikipiki, ili nisipoteze siku. Nilifika jioni, nikamkuta ameketi mlangoni, miguu katika beseni, anachagua lenga-lenga. Akasema, "Yaya, umekuja na nini?" Hapo ndipo nilipofahamu kosa langu. Nilikuwa nimefikiri namna ya kufika, sikufikiri namna ya kurudi na mtu mwingine ndani ya safari. Pikipiki, hapana. Juu ya mifuko ya makala, hapana. Ilibaki nafasi ya mbele ya kamio, na kamio moja tu ilikuwa kijijini, nayo ilikuwa inangoja samaki.

Tulingoja siku mbili. Usiku wa kwanza mvua ilipiga bati mpaka asubuhi, nami nilikuwa ninahesabu kila saa kama ni korongo jipya. Mchana nilitembea mpaka mahali unapoona bwawa. Ni kitu kikubwa, na maji yanashuka kwa mabomba makubwa mpaka kwenye mashine sita huko chini. Mashine hizo zilifanywa upya, kazi ikaisha mwaka 2021. Feza zilitoka katika mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula, upande wa Kolwezi, na wahandisi wa Uswisi walishiriki. Sasa zinaweza kutoa megawati 78. Ukienda, usitoe simu kupiga picha karibu na kiwanda bila kuomba ruhusa kwa walinzi, mtapoteza mchana mzima kwa maelezo. Nyaya zinaondoka pale juu ya nguzo za chuma na kwenda mbali. Nilisimama chini yake nikafikiri: umeme unatoka hapa na unafika Likasi bila kushuka kusukuma.

Siku ya pili samaki walifika. Nilikuwa nimekwisha kulipa nafasi ya mbele, nusu ya bei mkononi mwa shofere, mbele ya watu wawili. Saa ya kuondoka nikakuta bwana mmoja ameketi pale, na mkoba magotini, ameongeza feza. Shofere akaniambia mdogo wangu atapata nafasi nzuri juu, katikati, penye mifuko laini.

Sikupiga kelele. Ukweli ni kwamba koo lilikuwa limekauka. Waliopiga kelele ni wamama wauza samaki, saba au nane, waliokuwa wamekwisha kupanda. Mmoja alimtazama mdogo wangu usoni, akashuka. Halafu wote wakashuka, na mabeseni yao yakaanza kushuka nyuma yao. Yule wa kwanza akamwambia shofere kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, samaki yetu itaoza, lakini na wewe hautapata feza yetu." Bwana wa mkoba akatazama ziwa, akatazama mkoba, akafungua mlango. Hakuna aliyemtukana. Walimsaidia kupanda juu, wakampa na kitenge cha kukalia.

Tuliondoka saa nne, tukafika saa tatu ya usiku. Kamio ilikwama mara mbili. Mara ya pili wanaume walikata matawi na kuyatia chini ya magurudumu, nami nilimshika mdogo wangu mkono na kumuuliza kila mara kama anaona vizuri, kwa sababu muuguzi alisema macho yakianza kuona giza au nyota, ni hatari. Alikuwa anaona. Alilalamika tu kwamba ninamuuliza sana. Hatukupita nyumbani, tulikwenda moja kwa moja hospitali na matope yetu. Walimpima tensio na kumlaza usiku uleule. Mtoto alizaliwa siku tisa baadaye, msichana, mdogo lakini mwenye sauti.

Sasa samaki, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Wako, tilapia na kambale, wabichi, wakavu na wa moshi, na bei kule ni nzuri kuliko hapa hata ukitoa gharama ya kamio, mradi muende watatu au wanne na kukodi nafasi ya mzigo pamoja. Mmoja peke yake atapata hasara. Jambo lingine halisemwi sana. Mito ya Panda na Buluo inatoka hapa kwetu na maji ya viwanda, inaingia Lufira, na Lufira inaingia ziwani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta metali katika samaki wa ziwa hilo. Uchafu tunaoulalamikia kwenye samaki ulishuka kutoka mjini kwetu. Mimi ninatoa matumbo, maini na mashavu yote, siwapi watoto supu ya vichwa, na sipiki samaki hao kila siku. Kwa hiyo ninaomba kikundi kisifikirie biashara ya kila wiki kabla hatujamwalika mtu wa afya atueleze.

Wakati wa safari ya kwanza ya kikundi, pendekezo langu ni mwezi wa sita, barabara ikiwa imekauka na baridi ingali inasaidia samaki. Shemeji atatupokea, nyumba yake ina chumba kimoja cha wageni, na jirani yake ana kingine. Yule mama aliyeshuka kwanza kwenye kamio anauza kando ya soko letu siku za Alhamisi, na amesema atatuonyesha shofere wa kuamini. Nimemuuliza kama ni yule yule. Akacheka, akasema ni yule yule, siku hizi anaheshimu.