Magari Matano Nyuma Yetu



Wanaofika ofisini kuandikisha ubatizo huniuliza mara kwa mara juu ya picha iliyotundikwa kando ya kalenda: wanaume wanne wa makamo mbele ya gari refu kama basi, na nyuma yao bahari. Huwajibu kwamba ni safari ya Marekani, kisha huendelea kujaza kitabu. Leo nitaeleza zaidi, maana jibu hilo fupi limekuwa njia yangu ya kukwepa.

Ilikuwa Julai 2019. Jimbo lilinituma kuhubiri katika parokia kadhaa za California na kuomba misaada kwa ajili ya kazi za kimisionari, kama wafanyavyo mapadre wengi wa Afrika wakati wa kiangazi cha huko. Kazi ilipokwisha zilibaki siku nne. Wenzangu watatu niliosoma nao seminari ndogo, mmoja padre na wawili walei, wote wakiishi huko, wakakodi gari ambalo wenyeji huliita RV. Ndani lina vitanda, jiko la gesi, meza, jokofu na hata choo. Tukashika Barabara Namba 1 kutoka Monterey kuelekea kusini. Kule magari hupita upande wa kulia, hivyo aendaye kusini hutembea ukingoni kabisa mwa jabali, na Bahari ya Pasifiki inanguruma chini yake. Nilikaa mbele, karibu na dereva, rozari mkononi. Sikuisali kwa uchaji. Niliishika tu kama mtu ashikavyo nguzo.

Dereva wetu ni mwuguzi. Aliacha seminari kabla ya falsafa, akaoa, akahamia Marekani. Kati yetu wanne ndiye aliyekuwa mchangamfu kuliko wote, lakini siku ile alizungumza kidogo.

Kituo cha kwanza kilikuwa Carmel, kwenye kanisa la misheni alikozikwa Mtakatifu Junípero Serra, Mfransisko aliyefariki mwaka 1784. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu Septemba 2015 mjini Washington, na siku chache baadaye sanamu yake hapo Carmel iliangushwa na kumwagiwa rangi. Wazao wa wenyeji wa pwani hiyo hawajasahau viboko, wala kwamba waliokwisha kubatizwa hawakuruhusiwa kuondoka watakavyo, wala magonjwa yaliyowamaliza babu zao. Sioni faida ya kulipuuza lalamiko hilo kwa sababu tu aliyelalamikiwa ni wetu. Kando ya kanisa yako makaburi ya wenyeji hao, mengi hayana jina, yamezungushiwa makombe makubwa ya baharini yang'aayo ndani kwa rangi ya samawati na waridi. Sisi watatu tulimaliza kutazama, tukarudi garini. Mwuguzi alibaki peke yake pale makaburini, mikono nyuma, hata tukaanza kutazama saa.

Picha ile ya ofisini ilipigwa baada ya hapo, kwenye Daraja la Bixby. Lilikamilika mwaka 1932, upinde mmoja wa zege karibu mita 80 juu ya kijito. Barabara yenyewe katika milima ile ya Big Sur ilifunguliwa mwaka 1937, na sehemu ya kazi ilifanywa na wafungwa wa gereza la San Quentin. Nayo haijapata kutulia. Mei 2017 mlima uliporomoka mahali paitwapo Mud Creek, ukafukia kama mita 400 za lami. Njia ilifunguliwa tena Julai 2018, mwaka mmoja tu kabla yetu. Msemaji yeyote wa mahubiri angelipata hapo mfano wa bure. Mimi nilikuwa natazama chini tu.

Sasa, gari kama lile huenda polepole. Sheria ya California inasema kwamba katika barabara ya namna hiyo, mwenye mwendo mdogo akiwa na magari matano au zaidi nyuma yake asiyoweza kuyapisha kwa kawaida, lazima aingie kando penye nafasi ayaache yapite. Mwuguzi alitazama kioo, akahesabu kwa sauti, akaingia kando. Magari yakapita, mengine yakipiga honi ya shukrani. Lakini yalipokwisha hakuondoka. Alizima injini. Wenzetu wawili walikuwa wamelala nyuma.

"Padre," akasema, "mama alizikwa na nani?"

Nilimwambia kwamba anajua ni katekista.

"Najua. Nilitaka nisikie kwako."

Mama yake alifariki mwaka 2008. Yeye hakuweza kuja. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijakamilika, na angetoka asingekuwa na hakika ya kurudi kwa mke na watoto wawili. Alinipigia simu mimi, kwa sababu parokia yangu ya wakati ule ilikuwa jirani na kijiji chao. Nikaahidi. Siku ya maziko nilikuwa na kikao cha ujenzi, wafadhili wamefika kutoka mjini kwa ajili ya paa la kanisa. Nikamtuma katekista wa kigango, nikampa nauli ya pikipiki, nikajihesabia kwamba nimetimiza. Katekista kuongoza maziko si jambo geni kwetu, nanyi mnalijua. Lakini mimi nilikuwa nimeahidi.

Nikaanza kumweleza habari za kikao, jinsi wafadhili wale walivyokuwa wagumu kupatikana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bati zilipatikana?"

"Zilipatikana."

"Haya. Na kaburi liko upande gani wa mwembe?"

Sikujua. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita, na sikuwahi kwenda kulitazama. Nikamwambia hivyo, kisha nikamwomba radhi, kwa maneno machache kuliko niliyotumia kutetea bati. Hakujibu kwamba amenisamehe. Aliwasha injini, kwa kuwa ukungu ulikuwa ukipanda kutoka baharini na tulipaswa kufika kambini kabla ya giza.

Asubuhi niliadhimisha Misa kwenye meza ya gari, sisi watatu tumebanana, nikamtaja marehemu mama. Yeye alikuwa nje akimwaga maji machafu ya gari kwa bomba, kazi ya dakika chache iliyomchukua muda wote wa Misa. Baadaye mchana, huko Piedras Blancas, tuliwaona sili-tembo madume wamelala mchangani, ngozi yao ya zamani ikibanduka vipande vipande kama ilivyo kawaida yao kila Julai. Waliwindwa karne ya 19 kwa ajili ya mafuta yao, wakabaki wachache sana katika kisiwa kimoja cha Meksiko, kisha wakaongezeka tena. Pale mwuguzi alicheka, akasema mmoja wao anafanana na mwalimu wetu wa Kilatini. Tulicheka sote, hata mimi.

Septemba mwaka ule nilikwenda kijijini. Katekista, sasa mzee, alinitangulia bila kuuliza njia. Msalaba wa mti ulikuwa umeliwa na mchwa, lakini palikuwa pamefagiliwa. Alikuwa akipalilia kila mwaka kabla ya Siku ya Marehemu Wote, na hakuna aliyemtuma. Nikapiga simu palepale. Kwetu ilikuwa saa nne asubuhi, kwake saa sita usiku. Alipokea.

"Mwembe upo?"

Nikamwambia ulikatwa, ila kisiki kipo, hatua saba kutoka miguuni pa mama. Akaniomba nihesabu tena, polepole, naye akisikiliza.